Joto la Prosesa Linaporuka: Kompyuta Moja, Arusha na Moshi

Mtu aliyeunganisha kompyuta yake mwenyewe na kuiwasha kwa mara ya kwanza huitazama namba moja kwa jicho kali kuliko zote, nayo ni joto la prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Namba hiyo haitulii. Kompyuta imekaa kimya, hakuna kilichofunguliwa isipokuwa programu ya kupimia, na joto linasoma nyuzi 41. Anafungua kivinjari, linaruka hadi 66. Kabla hajaikubali 66, limekwisha kurudi 48. Akiuliza, atapata jibu moja kati ya mawili: ama ataambiwa ni kawaida aachane nalo, ama ataambiwa avunje kila kitu na kupaka upya pesti, ule urojo unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa. Majibu yote mawili yanamwacha bila kipimo, kwa kuwa halielezi hata moja kwa nini joto linaruka namna hiyo, wala namna ya kuutambua mruko usio na neno na ule ulio dalili ya kasoro. Nimeamua kuliandika jambo hili kwa kirefu, kwa sababu naamini anayelielewa hatahitaji kuambiwa atulie, atatulia mwenyewe, na siku ambapo kuna kasoro ya kweli ataiona mapema.

Mashine ninayoitolea mifano ni ya binamu yangu, binti wa shangazi, ambaye huchora ramani za majengo mjini Moshi. Niliiunganisha nyumbani kwangu Njiro, Arusha, nikaijaribu, kisha ikasafirishwa kwa basi. Ndani yake mna prosesa ya AMD Ryzen 5 5600, yenye viini sita, yaani sehemu sita zinazoweza kufanya kazi kila moja peke yake, na kipoozeo chake, yaani chuma chenye mapezi na feni kinachoiondolea joto, ni kile kidogo cha alumini kinachokuja katika boksi la prosesa. Jioni ya kwanza alinipigia simu.

"Shikamoo kaka. Mashine imefika salama, lakini joto lake silielewi. Nikifungua kitu tu, linapanda nyuzi ishirini na zaidi."

"Marahaba mdogo wangu. Linapanda na kukaa hapo, au linapanda na kushuka?"

"Linashuka. Lakini baada ya muda linapanda tena."

Karibu kila nitakachoeleza hapa kinatoka katika swali lile la kupanda na kukaa, au kupanda na kushuka. Kiwango cha joto peke yake hakitoshi kutoa hukumu. Lazima kiambatane na muda.

Tuanze na namba yenyewe, tuulize ni joto la kitu gani. Si joto la kasha, si joto la kipoozeo, wala si joto la prosesa nzima kwa ujumla wake. Ndani ya kipande cha silikoni mna vihisi vingi vilivyotawanywa karibu na sehemu zinazofanya kazi, na namba inayoonyeshwa kwa kawaida hutokana na kihisi kinachosoma joto kali kuliko vingine vyote kwa wakati huo. Kiini kimoja kikiamka kufanya kazi, na vingine vitano vikabaki vimelala, namba itafuata hicho kimoja. Anayesoma nyuzi 66 anaarifiwa tu kwamba mahali fulani ndani ya prosesa, penye eneo la milimita chache za mraba, pamefikia nyuzi 66 katika nukta ile ambapo programu iliuliza.

Zaidi ya hapo, namba inaweza hata kuwa imerekebishwa kwa makusudi na mtengenezaji. Mwaka 2017, prosesa za Ryzen 7 1700X na 1800X ziliripoti joto lililoongezwa nyuzi 20 juu ya joto halisi, na AMD ilieleza kwamba nyongeza hiyo ilikusudiwa kufanya kanuni za kuendesha feni zifanane katika familia nzima ya prosesa hizo. Waliozinunua siku za mwanzo walishtuka bure. Prosesa ya binamu yangu haina nyongeza ya aina hiyo, lakini mfano huu unaonyesha kwamba namba ya joto ni kwanza chombo cha kuongozea feni na kulinda prosesa, na kwamba sisi watazamaji tunaisoma kutoka pembeni.

Mafundi wengi waliojifunza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000 walizoea namba tulivu, na kwa sababu nzuri. Katika mazabodi (bodi kuu za kompyuta) nyingi za enzi ya Athlon, prosesa za AMD za soketi A, joto lilipimwa na kihisi kilichokaa chini ya soketi, yaani kiota cha prosesa, nje kabisa ya silikoni, kwa hiyo hadi habari za joto zimfikie mtazamaji, kishindo chote kilikuwa kimekwisha kulainishwa na plastiki, hewa na shaba zilizokuwa katikati. Tena, prosesa nyingi za kompyuta za mezani za wakati huo zilikwenda kwa kasi moja tangu zinapowashwa hadi zinapozimwa. Fundi aliyelelewa na mashine hizo akiona leo namba inayoruka nyuzi 25 kwa sekunde moja, ana haki ya kudhani kuna kitu kimelegea. Lakini vihisi vimehamia ndani ya moto wenyewe, na tabia ya prosesa nayo imebadilika.

Kwa nini joto liweze kuruka haraka kiasi hicho? Hapa nitapiga hesabu ndogo, kwa kuwa hakuna maelezo mengine yaliyonishawishi kama hesabu hii. Kipande cha silikoni chenye viini vya prosesa ya kizazi hiki kina ukubwa wa milimita za mraba 80 hivi. Tuukadirie unene wake kuwa milimita 0.7. Ujazo wake utakuwa milimita za ujazo 56, na kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya silikoni ina uzito wa gramu 2.33, kipande chote kitakuwa na uzito wa gramu 0.13. Silikoni huhitaji takriban jouli 0.7 kuipandisha gramu moja kwa nyuzi moja, kwa hiyo kipande kizima hupanda nyuzi moja kwa jouli 0.09 tu. Sasa kipe wati 20, yaani jouli 20 kwa kila sekunde, ambazo ni kazi ya kufungua kivinjari na kuchora ukurasa wenye picha. Kama joto lisingepata pa kutokea, kipande hicho kingepanda nyuzi 22 katika sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Linganisha na kipoozeo kilichokaa juu yake. Tuseme ni alumini ya gramu 300. Alumini huhitaji jouli 0.9 kwa gramu kwa nyuzi moja, kwa hiyo kipoozeo kizima huhitaji jouli 270 ili joto lake lipande nyuzi moja. Wati zile zile 20 zitakipandisha kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi kila sekunde. Ni sawa na kuweka sindano na sufuria ya makande juu ya moto mmoja: sindano imekwisha kuwa nyekundu wakati makande hayajaanza hata kufuka. Prosesa ni sindano, kipoozeo ni sufuria, na namba tunayoitazama inatoka kwenye sindano.

Katika hali halisi joto lina pa kutokea, ndiyo maana silikoni haiyeyuki. Linapita kwenye silikoni, linapita kwenye kifuniko cha chuma kilicho juu ya prosesa, linapita kwenye pesti, linaingia kwenye kipoozeo. Kila daraja katika safari hiyo lina ukinzani wake, na ili joto lisukumwe kulivuka lazima upande wa ndani uwe na joto zaidi kuliko upande wa nje. Wati zikiongezeka, tofauti hiyo huongezeka papo hapo. Wati zikipungua, hupungua papo hapo. Kwa hiyo mruko wa nyuzi 20 wakati kipoozeo bado ni cha uvuguvugu tu ukikigusa si ajabu wala si uongo wa kihisi. Sehemu kubwa ya mruko huo ni tofauti ya joto ndani ya sentimita moja ya kwanza ya safari, na kipoozeo kikubwa hata cha bei gani hakiwezi kuufuta wote, kwa sababu sehemu hiyo haimo mikononi mwake. Watu wengi wamenunua vipoozeo vya maji kwa pesa nyingi wakitarajia grafu iliyonyooka, wakaona joto la kazi nzito limeshuka vizuri huku miruko ikiendelea kama kawaida.

Jambo hili limezidi kadiri silikoni inavyopungua ukubwa. Viini sita vya Ryzen 5 5600 vimo katika kipande chake peke yake, kilichotengenezwa na kiwanda cha TSMC kwa teknolojia ya nanomita 7, na kipande hicho hakikai katikati ya kifuniko bali kimesogea upande mmoja, kwa kuwa kuna kipande kingine kinachoshughulikia kumbukumbu na mawasiliano. Nguvu inayopita humo ni ileile ambayo zamani ingetawanyika katika eneo kubwa zaidi. Wati hazijaongezeka sana, mahali pa kuzitolea ndipo palipopungua.

Upande wa pili wa jambo ni tabia ya prosesa yenyewe. Tangu Intel ilipoleta Turbo Boost katika prosesa zake za kwanza za Core i7 mwaka 2008, prosesa za mezani zimekuwa zikipandisha kasi zenyewe pale zinapoona nafasi. AMD ilikwenda mbali zaidi kwa Ryzen za 2017, ambazo hubadilisha kasi kwa hatua ndogo za megahetsi 25, na hufanya maamuzi hayo mara nyingi sana ndani ya sekunde moja. Prosesa ya binamu yangu ina kasi ya msingi ya gigahetsi 3.5, lakini kazi moja fupi ikiingia, kiini kimoja hupanda hadi karibu gigahetsi 4.4, huimaliza, kisha hulala. Hukimbia ili ikapumzike mapema, na kwa hesabu ya umeme mara nyingi ndiyo njia ya nafuu.

Kasi hiyo ina gharama yake, na gharama iko katika volteji. Nguvu inayotumika hufuata kasi kwa uwiano wa moja kwa moja, lakini hufuata volteji kwa kipeo cha pili. Volteji ikipanda kutoka 1.0 hadi 1.35, matumizi ya nguvu yanaongezeka kwa asilimia 82 kabla hata nyongeza ya kasi haijahesabiwa. Hapa ndipo penye jambo linalowashangaza wengi: volteji ya juu kabisa haionekani wakati viini vyote sita vinafanya kazi nzito, bali wakati kiini kimoja au viwili vinakimbia peke yao kwa kazi nyepesi. Viini vyote vikishika kazi, prosesa hugonga kikomo cha jumla cha nguvu na kulazimika kupunguza kasi na volteji. Ndiyo maana kufungua folda la picha kunaweza kuleta mruko mkali kwa kishindo kuliko mwanzo wa kazi ya nusu saa, ingawa ile kazi ya nusu saa ndiyo itakayokipasha joto kipoozeo.

Kompyuta mpya huruka zaidi ya kompyuta iliyozoea mahali, na hilo nalo lina sababu zake. Windows iliyosakinishwa jana ina mambo mengi ya kumalizia: inapakua masasisho, inachunguza mafaili yote dhidi ya virusi, inaorodhesha yaliyomo kwenye diski ili utafutaji uwe mwepesi baadaye, inapanga upya programu zilizotoka kuwekwa. Kazi hizi huingia hasa pale kompyuta inapoonekana haina shughuli, yaani pale hasa mwenye kompyuta anapokaa kuitazama namba. Ipe siku chache, iache iwake jioni moja ikiwa na intaneti, na utaona vipindi vya utulivu vinarefuka.

Halafu kuna programu ya kupimia yenyewe. Ili imwambie mtazamaji hali ya kila kiini, inalazimika kuviuliza, na viini vilivyolala havijibu bila kuamshwa. Nyingine ni nyepesi, nyingine ni nzito, na aliyefungua tatu kwa pamoja ili alinganishe ameiongezea prosesa kazi ambayo sasa anaipima. Ninayoitumia mimi ni HWiNFO, nayo ina safu nne: joto la sasa, la chini kabisa, la juu kabisa, na la wastani. Binamu yangu alikuwa akiitazama safu ya juu kabisa, ambayo hushika namba moja ya nukta moja na kuing'ang'ania hadi programu izimwe. Nilimwomba aitazame ya wastani. Baada ya saa nzima ya kuchora, wastani ulikuwa nyuzi 52, ilhali safu ya juu kabisa ilisoma 71. Namba zote mbili ni za kweli, lakini ni ile ya wastani inayoeleza jinsi mashine ilivyoishi katika saa hiyo.

Sasa nije kwenye Arusha na Moshi, kwa kuwa mashine ile ile imekaa katika miji yote miwili na haikusoma sawasawa. Kipoozeo hakina uwezo wa kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kinachoweza ni kuisogeza karibu nalo. Chumba kikipanda nyuzi sita, prosesa nayo itapanda takriban nyuzi sita, katika utulivu na katika kazi. Niliijaribu Njiro mwezi wa saba, wakati wa baridi, chumba kikiwa na nyuzi 20. Moshi, hata katika miezi hiyo, ni mji wenye joto zaidi, na ikifika Februari mchana unavuka nyuzi 30 bila shida. Kwa hiyo namba nilizompa za Arusha zilikuwa lazima zipande zilipofika kwake, na hakuna kilichokuwa kimeharibika njiani.

Wapo wanaouliza kuhusu mwinuko, na ni swali la maana ambalo maandishi mengi ya kompyuta hayaligusi, kwa kuwa waandishi wake huishi karibu na usawa wa bahari. Arusha iko katika mwinuko wa mita 1,400 hivi, na hapo uzito wa hewa katika kila lita ni takriban asilimia 87 ya ule wa Dar es Salaam au Tanga. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile inasukuma lita zile zile za hewa, lakini lita hizo zimebeba hewa pungufu, na hewa pungufu huchukua joto pungufu. Moshi, iliyo chini ya mita 1,000, ina hewa nzito kidogo kuliko Arusha. Kwa mantiki hiyo kipoozeo kinapaswa kufanya kazi vizuri zaidi Moshi, na ni kweli, lakini faida hiyo kwa mashine ya ukubwa huu ni ya nyuzi moja au mbili tu katika kazi nzito, wakati tofauti ya joto la vyumba ni kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Mwinuko upo, unahesabika, lakini kwa mtu wa Moshi joto la chumba ndilo lenye neno kubwa. Mtu wa Arusha naye, akilinganisha namba zake na za watu wa pwani wenye chumba chenye joto sawa na chake, asistaajabu akijikuta juu kidogo.

Sasa nifike kwenye kile ninachokiona kuwa kiini cha jambo zima kwa upande wa ufundi. Kwa kuwa kila sehemu ya safari ya joto ina mwendo wake, umbo la kupanda kwa joto linaonyesha kasoro iko wapi. Washa kazi nzito inayoshika viini vyote, kama kuchakata video au programu ya majaribio kama Cinebench, na uitazame grafu kuanzia sekunde ya kwanza.

Joto likiruka mara moja hadi karibu na kikomo, yaani joto la juu kabisa ambalo prosesa inaruhusiwa kufika, ndani ya sekunde moja au mbili, na likakaa hapo hapo bila kupanda polepole, kasoro iko karibu na silikoni. Kipoozeo hakijapata hata nafasi ya kupashwa joto, kwa hiyo hakiwezi kuwa ndicho kilichoshindwa, joto halikifikii. Hapo ndipo pa kufungua na kutazama: karatasi ya plastiki iliyosahauliwa chini ya kipoozeo, skrubu zilizokazwa upande mmoja kuliko mwingine, pesti isiyofika kila mahali. Ukikigusa kipoozeo wakati huo utakikuta baridi ilhali programu inasoma nyuzi 90, na hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Joto likiruka nyuzi 20 au 30 kwanza, kisha likapanda polepole kwa dakika kadhaa na kutulia, mashine ni nzima. Ule mruko wa kwanza ni silikoni na pesti. Ule mpando wa polepole ni kipoozeo kikijaa joto, na hukoma pale ambapo joto linaloingia na linalotoka yanalingana. Kwa kipoozeo kidogo cha alumini, dakika kumi zinatosha kuonyesha pale kitakapotulia.

Likitulia vizuri baada ya dakika kumi, halafu likaanza kupanda tena kidogo kidogo katika nusu saa inayofuata, usiishughulikie pesti kabisa. Hewa ndani ya kasha ndiyo inayopata joto kwa kukosa njia ya kutoka. Fungua ubavu wa kasha kazi ikiendelea. Joto likishuka nyuzi kadhaa, umelipata jibu, na tiba ni feni ya kutolea hewa nyuma au kulisogeza kasha mbali na ukuta. Na kama namba za leo ni njema lakini baada ya miezi sita zimepanda katika chumba kile kile na kazi ile ile, hilo ni vumbi, au pesti inayokauka, na mara nyingi zaidi ni vumbi.

Binamu yangu alifanya jaribio hilo usiku ule ule, mimi nikiwa kwenye simu. Chumba chake kilikuwa na nyuzi 26. Joto liliruka kutoka 44 hadi 69 mara tu kazi ilipoanza, likapanda polepole, na baada ya dakika kumi likatulia kwenye 81, ambapo lilibaki. Kikomo cha prosesa hiyo ni nyuzi 90, na ikikaribia hapo huanza kupunguza kasi yenyewe ili isivuke. Nyuzi 81 kwa kipoozeo cha boksi, katika kazi inayoshika viini vyote, kwa mji wa Moshi, ni hali ninayoikubali. Isingekuwa kipoozeo cha boksi ningetarajia chini ya hapo. Nilimwomba pia akaze kwa upole skrubu nne za kipoozeo kabla ya jaribio, kwa kuwa barabara ya Arusha hadi Moshi ina matuta mengi na kompyuta ilisafiri katika buti la basi, lakini hazikuwa zimelegea.

Jambo ambalo kwa kweli lilimchosha halikuwa joto bali kelele. Feni ilikuwa ikifuata kila mruko: inavuma, inanyamaza, inavuma, mchana kutwa. Hii ndiyo kero ya kweli ya miruko, na inatibika bure. Feni haina haja ya kuujibu mruko wa sekunde moja, kwa kuwa hadi izunguke kwa kasi mpya mruko umekwisha, na kipoozeo chenyewe hakijapata joto jipya la kupeperushwa. Ingia kwenye bayosi, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, tafuta mipangilio ya feni ya prosesa, na uongeze muda wa kusubiri kabla feni haijabadilisha kasi. Mazabodi nyingi zinaruhusu sekunde kadhaa kupanda na zaidi ya hapo kushuka. Kisha unyooshe mstari wa feni kati ya nyuzi 40 na 65, ili katika eneo hilo la miruko kasi isibadilike sana, halafu uupandishe kwa ukali kuanzia 70. Kwa mashine hii tuliweka asilimia 40 ya kasi hadi nyuzi 62, kisha mpando unaofikia asilimia 100 kwenye nyuzi 85. Grafu ya joto ilibaki na miruko yake, na sauti ikawa moja.

Kuna tiba nyingine inayopendekezwa mara nyingi ambayo siipendi: kuzima kabisa uwezo wa prosesa kupandisha kasi, ama kwenye bayosi, ama kwa kuweka kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99 katika mipangilio ya umeme ya Windows. Inafanya kazi, grafu inanyooka, na mwenye mashine anafurahi. Lakini amelipia gigahetsi 4.4 na sasa anatumia 3.5, na programu za kuchorea majengo ni miongoni mwa zile zinazotegemea sana kasi ya kiini kimoja. Anasubiri zaidi kila anapobofya, siku zote, ili namba fulani ipendeze machoni. Kama joto la kazi ndefu ni kubwa mno, ni afadhali kushusha kikomo cha jumla cha nguvu, jambo linalopunguza wati za kazi nzito bila kugusa sana wepesi wa kazi fupi.

Wanaonunua prosesa mpya zaidi wajiandae kwa namba za juu kuliko hizi. Ryzen 7000, zilizotoka mwaka 2022, AMD ilieleza wazi kwamba zimekusudiwa kufika nyuzi 95 katika kazi nzito na kukaa hapo, zikipanda kasi kadiri kipoozeo kinavyoruhusu. Kipoozeo kizuri humpa mtu kasi zaidi kwa joto lile lile. Prosesa nyingi za Intel za miaka hii nazo zina kikomo cha nyuzi 100. Katika mashine hizo, kulinganisha namba na za kompyuta ya zamani hakufai kitu. Linganisha kasi inayopatikana na ile iliyoahidiwa kwenye boksi.

Kwa vumbi nina msimamo mmoja. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, vumbi la Arusha na Moshi ni laini na hupenya hata pale unapodhani pamezibwa. Kasha liinuliwe kutoka sakafuni, liwe na kichujio mbele kinachoweza kutolewa na kuoshwa, na mapezi ya kipoozeo yapulizwe kwa blowa mwishoni mwa kiangazi, mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme na feni ikishikiliwa kwa kidole isizungushwe na upepo. Na fundi akikuambia kwamba pesti ibadilishwe kwa sababu joto linaruka, mwombe kwanza akuonyeshe dakika kumi za kazi nzito. Kama joto linapanda polepole na kutulia mbali na kikomo, pesti hiyo iache ilipo.

Binamu yangu ameandika namba zake kwenye karatasi na kuibandika ndani ya ubavu wa kasha: joto la chumba 26, utulivu 44, kazi nzito 81, pamoja na tarehe. Mwezi wa pili, Moshi itakapokuwa katika joto lake kali, atarudia jaribio lile lile na kutoa joto la chumba kwenye joto la prosesa. Leo tofauti ni nyuzi 55. Kwa kuwa prosesa ikisogelea kikomo chake hupunguza kasi, alasiri chumba kikiwa na nyuzi 32 itaanza kujibana kidogo, na hapo ndipo tutakapoamua kama kazi zake za kuchakata picha za majengo zinahitaji kipoozeo kikubwa zaidi, au kama inatosha kuziacha ziende usiku.